Binti yangu havui sweta hata jua likiwaka

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili wa kike, naishi Uyole hapa Mbeya. Nauza viazi Mwanjelwa, mzigo wangu mwingi unashuka kutoka Umalila. Mume wangu ni dereva wa lori, njia ya Dar hadi Tunduma, kwa hiyo nyumbani anapita kama mara mbili kwa mwezi na akikaa sana ni siku tatu. Tunaishi pia na mdogo wake wa kiume ambaye anasoma chuo hapa mjini.

Shida yangu ni binti yangu mkubwa. Ana miaka 14, yuko kidato cha pili, shule ya kutwa. Huyu mtoto, Shangazi, alikuwa redio. Ukitaka kujua habari za mtaa mzima ulikuwa unamuuliza yeye. Mwaka juzi akiwa la saba nilikwenda naye sokoni Jumamosi moja, akaja mnunuzi anataka nimjazie lumbesa. Mimi nilishaanza kujaza, nimeshazoea. Yeye akasimama pale akasema, "Mama, hapo juu ya gunia kuna debe zima la bure. Alipie." Yule baba alicheka, akalipa. Nilijisikia raha siku hiyo, nikamnunulia soda.

Sasa tangu mwisho wa mwaka jana amenyamaza. Anarudi shule, anasalimia, anaingia chumbani. Sweta la shule analivaa toka asubuhi mpaka analala. Mwezi wa sita na wa saba sikushangaa, baridi ya Uyole unaisikia ukiwa huko huko Iringa. Lakini sasa ni Oktoba, jua kali, vumbi tupu, na bado yuko na sweta lake, mabega ameyakunja kama mtu aliyebeba ndoo mbili. Kanisani kwetu (sisi ni Wamoravian) alikuwa kwenye kwaya ya vijana, sauti ya kwanza, ameacha. Anasema koo linauma. Koo gani hilo la miezi mitano? Asubuhi hanywi hata chai. Anachoka ovyo. Kila mwezi kuna siku mbili tatu anasema tumbo, shule haendi. Hesabu alikuwa anapata B, muhula uliopita ameleta D.

Nilijua ni simu. Nilimkuta saa sita usiku na simu yangu ya tachi, anaangalia wasichana wa TikTok, weupe, nywele hadi kiunoni, viuno vya nyigu. Nikamnyang'anya, nikabadilisha namba ya siri. Alinuna wiki mbili na hakuna kilichobadilika.

Wiki iliyopita natandika kitanda chake na mdogo wake, chini ya godoro nakuta kopo la krimu halina lebo, limeviringishwa kwenye gazeti. Nilipolifungua tu nikajua ni mkorogo, maana wapo wanaouza kule sokoni na harufu yake naijua. Nilitetemeka. Nimelirudisha pale pale, sijamwambia neno.

Shangazi, nyumbani kwetu hakuna ugomvi, tunacheka sana. Baba yake mdogo ni mtu wa utani, anamwita "Fuso" kwa sababu mwili umeongezeka kidogo, na chunusi zilipoanza akasema uso umekuwa barabara ya Chunya kabla ya lami. Tulicheka wote, hata yeye alicheka. Mdogo wake ana miaka tisa, amechukua weupe wa bibi yake mzaa baba, wageni wanamwita mzungu. Baba yao siku hizi hamkalishi karibu huyu mkubwa kama zamani, anasema ameshakuwa mwanamke, amheshimu. Ni mambo ya kawaida tu ya familia.

Mama mmoja wa kanisani anasema tumpeleke kwenye maombi. Dada yangu anasema bweni, akanyooshwe. Jirani yangu anasema huyo ameshapata mwanaume, nichukue fimbo aseme. Nifanyeje?

Ndaga fijo.

Mama muuza viazi, Uyole

* * *

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kama ulivyoiandika, nikaogopa simu na kopo. Mara ya pili nikamwona mtoto. Mara ya tatu nikachukua kalamu nikapiga mstari chini ya maneno yako mwenyewe: "Ni mambo ya kawaida tu ya familia." Simu umeieleza kwa kirefu, na yale ya nyumbani umeyapitisha haraka kuelekea mwisho, kama mtu anayefagia takataka nyuma ya mlango mgeni akibisha hodi.

Nianze na hicho kicheko. "Hata yeye alicheka." Ulitaka afanye nini? Mtoto wa miaka 14 amekaa na watu wazima watatu, wote wanacheka uso wake. Asipocheka ataambiwa ana makuu. Akilia ataambiwa hajui utani. Kwa hiyo alicheka, kama mtu anayelipa nauli ili asishushwe njiani.

Utani sisi tunaujua, hatukufundishwa na mtu. Mtani wako anaweza kuja msibani akalala palipolazwa maiti, akadai alipwe ndipo ainuke, na watu wakacheka katikati ya machozi. Bibi anamwita mjukuu wake mume wangu, na mjukuu anajibu, "Mke gani hana meno?" Umeona hapo? Mjukuu anajibu. Utani una njia mbili, unakwenda na kurudi. Sasa niambie, siku baba mdogo alipomwita Fuso, binti yako angeweza kumjibu kuhusu kitambi chake, au kuhusu masomo ya kurudia pale chuoni, na mkaendelea kucheka vile vile? Kama asingeweza, basi ule si utani. Ni mtu mzima anamsema mtoto, na watazamaji wapo.

Nakuomba ufanye hesabu moja kabla hujaendelea kusoma. Jina la Fuso lilianza mwezi gani? Na sweta lilianza kukaa mwilini mwezi gani?

Nimefundisha sekondari za wasichana miaka mingi, zaidi ya nusu ya hiyo nikiwa mwalimu wa malezi. Sweta la Oktoba nimeliona kwa wengi. Wengine kanga juu ya sketi, wengine madaftari yamekumbatiwa kifuani hata wakiwa wamekaa. Na si kwamba mimi nilikuwa malaika. Kuna msichana nilimwambia mbele ya darasa, "Simama wima, unaficha nini hapo kifuani?" Nilidhani namchangamsha. Darasa lilipasuka. Yule mtoto hakunyoosha mkono kwenye somo langu mpaka anamaliza kidato cha nne, na alikuwa na akili kuliko wote niliowafundisha mwaka ule. Nilimwomba radhi akiwa mtu mzima, tulikutana stendi ya Ipogolo. Akasema, "Mwalimu, mbona nilishasahau." Lakini alinitajia siku, somo, na dawati alilokuwa amekalia.

Mwili wake, mama, unafanya kazi yake. Wasichana huanza kubadilika kati ya miaka 8 na 13, na hedhi kwa kawaida hufuata kama miaka miwili baada ya matiti kuanza kuchomoza. Mapaja na nyonga kunenepa ni sehemu ya mpango huo huo. Chunusi zinatoka kwa sababu homoni zinaongeza mafuta kwenye ngozi, na vishimo vya ngozi vinaziba. Hakuna kosa lolote hapo. Tatizo ni kwamba haya yote yanamtokea katika umri ambao anadhani kila mtu barabarani anamtazama yeye. Sasa mtu mwenye hofu hiyo akirudi nyumbani, akakuta kweli anatazamwa na anapewa jina, atakwenda wapi? Ndani ya sweta.

Na baba yake. Hapa nitasema polepole kwa sababu najua mumeo hana nia mbaya, wanaume wengi wa kwetu hufanya hivyo hivyo. Mtoto akiwa na miaka tisa anamrukia baba akishuka kwenye lori. Akifika kumi na mbili, kumi na tatu, baba anarudi nyuma, anasalimiwa kwa mbali, zawadi anaitoa kupitia mama. Yeye anaita heshima. Binti anahesabu tofauti: nilipokuwa mdogo alinipenda, mwili wangu ulipobadilika ameniacha, na mdogo wangu bado anapakatwa. Hakuna aliyemweleza kwamba ni heshima. Mpigie mumeo simu leo, popote alipo, umwambie si lazima ampakate. Akifika Tunduma, akiwa kwenye foleni ya mpaka ambako anakaa bila kazi, ampigie binti yake, amwombe yeye kwa jina, amuulize kitu kinachohitaji akili: magunia haya nikikodisha gari hadi Makambako itanilipa? Akisikia jibu, alichukue kama jibu la mtu. Dakika tano zinatosha. Akirudi nyumbani aketi naye sebuleni watazame mpira. Na zawadi ampe mkononi.

Kwa shemeji yako usimwachie mumeo. Wewe ndiye mama mwenye nyumba. Mwite pembeni, si mezani, na usimpigie kelele maana atakuona umegombana na mwenzako tu. Mwambie hivi: "Baba mdogo, kuanzia leo mtoto huyu ana jina lake. Mwili wake na uso wake hautajwi tena hapa ndani, hata kwa kucheka." Akisema alikuwa anatania, mwambie unajua, na bado hautajwi. Usiingie kwenye mjadala.

Halafu kuna swali ambalo sipendi kukuuliza, na nitakuwa nimekukosea nisipokuuliza. Sina sababu ya kumshuku kijana yule. Lakini binti anayeficha mwili wake ghafla, anayejifungia chumbani, kuna wakati anamficha mtu maalumu, wa nyumbani au wa njiani, bodaboda, jirani, hata mwalimu. Muulize, mkiwa wawili tu: "Kuna mtu yeyote anayekugusa au kukuambia maneno yanayokukosesha raha? Ukiniambia, sitakugombeza, nitakuamini." Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayofungua mlango. Jibu likiwa ndiyo, msikae kikao cha ukoo. Kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto, kata ina afisa ustawi wa jamii, na namba 116 ya kusaidia watoto ni bure kupiga, hata yeye mwenyewe anaweza kuipiga. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata kama umbo lake linawadanganya watu.

Nawe nikuguse kidogo. Wageni wanaomwita mdogo mtu "mzungu" unawajibu nini? Najua huwa unacheka, kila mama angecheka. Lakini mkubwa anasikia, na hesabu yake si ngumu: kama weupe ndio unaoshangiliwa sebuleni, mimi nitautafuta dukani. Kopo lile halikutoka TikTok peke yake. Siku nyingine mgeni akianza, sema tu, "Huyu hodari wa kuruka kamba, na dada yake ndiye mhasibu wangu." Halafu badilisha mazungumzo. Na mdogo usimnyime sifa kwa kumhurumia mkubwa, atakuja kuumia naye.

Sasa hilo kopo, maana hili halingoji. Krimu zisizo na lebo za kung'arisha ngozi huwa na zebaki, haidrokwinoni, au dawa kali za steroidi, na aliyechanganya hajui vipimo. Zebaki inaingia mwilini kupitia ngozi na kuharibu figo. Haiishii kwa anayejipaka: inabaki kwenye taulo na shuka, na umesema wanalala kitanda kimoja na mdogo wake. Steroidi zinakondesha ngozi, na mara nyingi zinaleta chunusi nyingine juu ya zile alizotaka kuziondoa. Hayo makopo TBS, wale wa Shirika la Viwango, hawayaruhusu, na tangu 2019 vipodozi viko mikononi mwao, ila kopo lisilo na jina linapita chini ya meza. Umefanya vyema kutolipuka. Lakini kulirudisha chini ya godoro, hapana. Litoe, lifunge, na umwambie ukweli bila kuzunguka: "Nimeliona. Sikukasirikii. Hii dawa inadhuru figo, tunaiacha leo, mimi na wewe tutakwenda kwa daktari." Nendeni na kopo lenyewe mkononi, kwa sababu aliyetumia steroidi kwa muda akiacha, ngozi inaweza kuwaka na kuwasha, na asipojua hilo ataikimbilia tena. Shuka na taulo zifuliwe.

Usimwondolee kopo ukamwacha na chunusi bila msaada, maana hapo utakuwa umempokonya tu. Muulize anajipaka nini usoni. Sisi watu wa baridi tuna mkono mzito wa mafuta ya mgando, kuanzia Mei mpaka Agosti tunang'aa kama maandazi. Usoni kwa mwenye chunusi mafuta hayo yanaziba. Anawe kwa sabuni isiyo kali mara mbili kwa siku, mafuta mazito yaishie miguuni na mikononi, asizitumbue. Duka la dawa lina krimu ya benzoili peroksaidi, aianze kidogo kidogo. Mwambie mapema kwamba itachukua wiki sita hadi nane kuonekana, asije akakata tamaa wiki ya pili. Krimu hiyo inachujua rangi ya nguo na foronya, msishtuke.

Siku mbili tatu za tumbo kila mwezi unazitaja kama utoro. Ni hedhi, mama. Je, ana pedi za kutosha? Nauliza bila kukudharau, biashara ya viazi naijua. Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2018, ikairudisha 2019. Nilikasirika siku ile na sijapoa. Kama pedi za kila mwezi ni mzigo, zile za kitambaa za kufua ni nzuri, ila zinataka kukauka kabisa, na huko kwenu mvua zikianza Novemba hakuna kinachokauka. Msichana akiona aibu kuanika kambani, anaanika chini ya kitanda, na kitambaa kibichi kinamletea muwasho na vidonda. Kambani juani, peupe, pamoja na nguo nyingine, na siku ya mvua pasi ya moto. Ukianza wewe kuanika za kwako peupe, naye ataanika. Kama ni maumivu, ibuprofeni akiwa amekula husaidia wengi, na maumivu yanayomlaza kila mwezi yanastahili kuonwa na daktari, si kuvumiliwa.

Hapo hapo kwa daktari mwombe apime wingi wa damu. Mtoto anatoka damu kila mwezi, asubuhi hali, anachoka, hesabu inashuka. Kwa umri wake kipimo kikisoma chini ya 12 ni upungufu wa damu, na upungufu wa damu unafanana sana na uvivu na huzuni. Nimeona wasichana waliochapwa kwa uzembe kumbe wana 8. Maharage, mboga za majani, dagaa, na chungwa au limao pembeni kwa sababu linasaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai, hata ile nzuri ya Rungwe, isinywewe pamoja na chakula, maana inazuia chuma kuingia. Mnywe saa moja au mbili baadaye. Asubuhi akikataa, usimlazimishe sahani; mpe viazi viwili vya kuchemsha ale njiani. Na usimwambie ale "lakini si sana".

Simu nitaipitia haraka. Ulivyoinyang'anya usiku hukukosea, umri huo unataka usingizi wa saa nane hadi kumi, na yeye anaamka kumi na moja. Kosa ni kuinyang'anya bila kuzungumza alichokuwa anakitazama. Mpe saa yake jioni, siku nyingine keti naye mtazame pamoja, umuulize jinsi zile filta zinavyofanya kazi. Atakufundisha, na akikufundisha atajisikia mkubwa. Usiku simu ilale chumbani kwako.

Sasa washauri wako watatu. Fimbo: hapana, na jirani yako mpe viazi ale anyamaze. Maombi: sina ugomvi nayo, mimi mwenyewe nasali, ila asipelekwe mbele ya watu kuombewa kama mwenye pepo. Mtoto anayeogopa kutazamwa ukimsimamisha madhabahuni umemwongezea. Mwombe kiongozi wa kwaya amfuate yeye, kimya kimya, amwambie sauti ya kwanza imepungua. Kama ni kweli imepungua. Asidanganywe, watoto wanajua. Bweni: mwakani mkitaka, yeye akihusishwa. Sasa hivi hapana. Mtoto anayedhani anawakera nyumbani, ukimfungia sanduku, umemthibitishia. Na upimaji wa kidato cha pili uko mlangoni.

Mazungumzo utayafanyaje? Usimwite, "Njoo nina maneno na wewe." Sentensi hiyo inafunga tumbo la mtoto yeyote. Chambueni maharage. Nasema kweli. Weka ungo katikati, mikono iwe na kazi, macho yawe chini kwenye mawe na makapi. Mambo mazito kwa kawaida hutoka watu wasipotazamana. Anza wewe, umwombe radhi: "Mwanangu, tulicheka uso wako, mimi nikiwamo. Ilikuwa vibaya. Haitarudiwa." Kisha unyamaze. Atajibu "hamna shida". Usilipokee kama jibu, wala usimvute. Endelea kuchambua. Pengine siku hiyo hatasema kitu, wala ya pili. Mzazi wa Kinyakyusa kumwomba mtoto radhi si jambo la kila siku, najua, hata sisi Wahehe tunameza moto kwanza. Ila sijaona kitu kingine kinachomrudishia binti uzito wake haraka kama hicho.

Na sifa umpe zile zenye ushahidi. "Wewe ni mzuri" haitamwingia kwa sasa, ataona unamwonea huruma. Mwambie la lumbesa. Mwambie, "Tangu siku ile nimeacha kujaza magunia kwa aibu ya mteja, wewe ndiye uliyenifundisha." Kama hujaacha, acha kwanza ndipo umwambie. Jumamosi mwombe aje sokoni awe mwenye daftari. Akija na sweta, aje na sweta. Usilitaje hilo sweta kabisa. Atalivua siku yake.

Kuna dalili ambazo ukiziona hutangoja maharage wala kwaya: akisema angetamani afe au asingezaliwa, akigawa vitu vyake avipendavyo, ukiona mikato mikononi au mapajani (na sweta huficha mikono, kwa hiyo tafuta njia ya upole ya kuona, hata mkiwa mnaosha vyombo), akikataa chakula siku nzima au akijitapisha. Muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo kichwani. Linampa ruhusa ya kulitoa. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa za shambani na vidonge mahali anapofika, na siku hiyo hiyo nendeni hospitali. Hospitali za rufaa zina kliniki za afya ya akili, hizo ni za watu wa kawaida kama mimi na wewe. Hata bila dalili hizo, huzuni ikiendelea hivi wiki mbili tatu baada ya nyumba kubadilika, mpeleke. Shuleni kwake pia ulizia mwalimu wa malezi, mwanamke, ukamwone ana kwa ana, na umwambie kuhusu siku za tumbo ili zisihesabiwe utoro.

Anza na kopo na shemeji, wiki hii. Mengine yatafuata kwa mwendo wake. Kisha niandikie baada ya Krismasi. Nataka kujua damu ilisoma ngapi, na kama baba yake alipiga simu kutoka Tunduma walizungumza nini.

Shangazi, Kihesa, Iringa